Kijito Chini ya Miti ya Baba

Katwe, Kampala
14 Januari 2023

Mwalimu wangu Mumbere,

Salamu nyingi kutoka Katwe, katikati ya kelele za nyundo. Hujambo? Mama yako hajambo? Watoto wa shule bado wanakuita Bwana Tulieni? Sisi tupo. Goti la mama linamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Kila asubuhi ananiuliza kama umeoa. Namwambia aandike yeye aulize.

Barua hii naituma kwa Mama Exaucée, aliyekuja sokoni Owino kununua marobota ya nguo. Mpaka warudishe ile antena yenu ya simu iliyoungua, yeye ndiye posta yetu. Usimpe barua bila kuifunga kwa gundi. Unamjua.

Bado naandika vibao: saluni, duka la dawa, fundi viatu. Juzi nilichora ng'ombe kwenye bucha, mwenye bucha akalalamika eti ng'ombe ana huzuni. Nikamwambia ng'ombe anajua anakoishia. Lakini jioni nina kazi yangu mwenyewe. Nachora miti ya baba. Nimenunua gome, hili wanaloliita lubugo. Watu wa huku wanaambua ganda la mti wa mtuba, wanalipiga kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa kitambaa, rangi yake nyekundu kama udongo wetu. Na mti haufi. Wanaufunga kwa majani ya mgomba kama mtu mwenye jeraha, unaota ganda jingine. Nilipoiona rangi ile sokoni nilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake.

Juu ya gome hilo nachora mikaratusi yote, kuanzia ile ya juu karibu na shule yenu mpaka kijitoni, pale ulipokuwa ukijifanya unanawa miguu ili unione nikichota maji. Kuna maonyesho mwezi wa tano, ya picha zinazohusu mazingira. Nikipata nafasi, kwa mara ya kwanza Kampala itaona kwetu, si ng'ombe wa bucha.

Ojok, mchomelea vyuma wa jirani, aliyewahi kuwa askari, ameitazama akacheka: "Mama, hii miti yako iko nasimama laini moja kama parade. Nani napigia yeye amri?" Nilimwambia amri ilikuwa ya baba yangu.

Sasa nakuomba kitu. Nimeanza kusahau, Mumbere, na hilo linanitisha kuliko njaa. Niandikie majani machanga yana rangi gani asubuhi. Ganda likibanduka linaacha rangi gani. Na kijito, bado kinafanya povu kwenye lile jiwe? Unajua baba alipokufa mpaka ulikuwa umefungwa kwa ajili ya korona. Wewe ndiye uliyeshika jembe, mimi nilikuwa huku nikiandika "Karibu Wateja" ukutani kwa mtu. Sikumlilia. Sina kaburi la kutazama, nina miti tu. Niandikie.

Wako,
Kavugho


Kijijini, Lubero
2 Februari 2023

Mpendwa Kavugho,

Barua yako nimeipokea ikiwa imefungwa kwa gundi nyingi mno hata nikaichana pembeni. Mama Exaucée alisimama mlangoni mpaka nikaimaliza kuisoma. Aliniuliza, "Anasema nini?" nikamwambia anasema goti linauma.

Majani machanga asubuhi si ya kijani. Ni ya buluu ya majivu, kama moshi uliogandia tawini, halafu jua likipanda yanarudi kuwa ya kijani. Ganda likibanduka linaning'inia kama vitambaa, na chini yake mti ni mweupe wenye mabaka ya waridi. Chini majani yamekauka na kurundikana. Ukitembea yanavunjika chini ya miguu. Harufu unaijua. Kukinyesha kidogo inashuka mpaka darasani, na mimi nasimama na chaki mkononi nikiwa nimesahau nilichotaka kuandika.

Kuhusu kijito, wewe unakijua kuliko mimi. Kipake rangi unayoikumbuka.

Hapa tunaendelea. Nimesogeza saa ya kuanza masomo kwa sababu watoto wanapitia kuchota maji bonde la pili kwanza, wanafika wamechoka. Baba yako kaburi lake nalifagia kila Jumamosi.

Mwambie mama sijaoa. Mbuzi wa mahari tuliowaleta kwenu waliliwa na watu wenye bunduki, lakini kwa mila mbuzi waliopokelewa ni mbuzi waliopokelewa. Pasaka hii huwezi kuja, hata siku chache?

Ni mimi,
Mumbere


Katwe
20 Februari 2023

Mwalimu,

Buluu ya majivu! Nilichanganya rangi siku ile ile, ikakubali. Nilikaa mbele ya gome nikasikia harufu, naapa, hapa Katwe, penye harufu ya vyuma na mitaro.

Lakini leo nina hasira, na nusu ya hasira ni yako.

Mwalimu wa chuo kikuu anayeandaa yale maonyesho alikuja. Anaitwa Munirah, Mnubi, mwanamke mpole mwenye kilemba safi. Anafundisha fasihi, na kazi yake ni kuchunguza jinsi vitabu na picha zinavyoitazama ardhi, miti na maji. Alikaa kwenye stuli yangu akatazama muda mrefu. Nikangoja anisifu. Akasema, "Dada Kavugho, ni nzuri sana. Mimi nauliza tu. Chini ya miti hakuna nyasi, hakuna ndege, hata mdudu. Miti hii ni wageni, wazungu waliileta kwa ajili ya mbao, na inakunywa sana. Sasa haya maji hapa yanatoka wapi?"

Nikamwambia yanatoka ardhini, kama maji ya watu wengine.

Akasema anaona picha nyingi za namna hii: mtu anaikumbuka nchi yake anaichora imetulia, kama picha ya ukutani, na wanaoishi ndani yake hawaonekani. Alisema bila dharau. Hilo ndilo lilinikera zaidi. Nilitaka anidharau nimfukuze.

Alipoondoka nikaisoma tena barua yako. Watoto wanachota maji bonde la pili. Mumbere, shule yenu iko kilimani, juu tu ya kijito chetu. Mimi nilikuwa nateremka pale na ndoo nikarudi kabla kengele haijanyamaza. Kwa nini mtoto aende bonde la pili? Na kwa nini mtu aliyeniandikia mstari mzima kuhusu mabaka ya waridi aniambie kijito nikipake rangi ninayoikumbuka?

Mficha maradhi, kilio humfichua. Niambie.

Kavugho


Lubero
5 Machi 2023

Kavugho,

Kijito kimekauka. Huu ni mwaka wa pili. Jiwe lipo, watoto wanalitumia kunolea visu.

Sikukuambia kwa sababu uliandika kwamba unaanza kusahau. Nikaona mtu anayekumbuka kijito kizuri, nani ananituma kwenda kumkaushia? Nilifanya vibaya, lakini nilifanya kwa kukupenda, na ningeandika upya huenda ningefanya vile vile.

Sasa sikiliza mambo yalivyo. Wazee wamekutana. Vijito vingine vyote vilivyo chini ya mikaratusi vimekufa kama chetu, na vile viwili vilivyo chini ya mikuyu vinatiririka. Hata mtoto wa darasa la kwanza ameona. Wanaomba miti ya baba yako ikatwe na visiki ving'olewe, maana mkaratusi ukikatwa tu unachipua upya. Mbao ziende kwenye paa la shule na madawati, nyingine ni zako.

Unajua sheria yetu, lakini naiandika ili tusije tukaelewana vibaya. Ardhi ni ya mwami, mtawala wetu, miti ni ya aliyeipanda na mtoto wake. Aliyebaki ni wewe. Bila neno lako hakuna panga litakalogusa hata tawi. Lakini miti ndiyo inayokushikia shamba. Ikikatwa, mvua ya kwanza ikapita bila mti mwingine kupandwa pale, mwami anampa mtu mwingine. Na anayepanda lazima awe mwenye shamba kwa mkono wake mwenyewe, au mume wake.

Hivyo ndivyo ilivyo. Mvua itaanza mwezi wa nne. Nangoja neno lako.

Mumbere


Katwe
13 Machi 2023

Mwalimu Mumbere,

Neno langu ni hapana.

Barua yako imefika na Mama Exaucée, na Mama Exaucée hafiki na barua peke yake. Amenieleza, huku akinywa chai yangu, kwamba umeleta wapasuaji mbao wakapima miti ya baba kwa kamba. Kwamba unaezeka nyumba yako upya. Kwamba umeshonesha suti Butembo, ya kijivu. "Bwana Mwalimu iko najitayarisha," akasema, "mimi sijui kwa nani, lakini mwanaume hashoni suti kwa kufundisha mahesabu."

Hongera basi. Huyo mwanamke ana bahati, atapata mume, paa jipya, na shamba lililo karibu na shule. Mti ukishaanguka shamba halina mwenyewe, si ndivyo ulivyoniandikia kwa mwandiko wako mzuri wa ubao?

Ulinificha kijito. Sasa nashindwa kujua unanificha nini kingine, na hilo linaniumiza kuliko suti. Zamani ungesema kuna mvua ningefungua mwavuli bila kutazama juu.

Miti ile ni baba. Alikuwa akiipanda huku mama akiwa na mimba yangu, na nilipokua alinionyesha kila mmoja kama anayenitambulisha kwa shangazi. Sikumwosha. Sikumzika. Sikutupa hata konzi moja ya udongo. Sasa mnataka nimwangushe kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa huku, kwa barua? Watafuteni maji kwingine. Usinikatie baba.

K.


Lubero
27 Machi 2023

Kavugho,

Nimewaambia wazee hapana. Wamesikitika, wamekubali. Watoto wataendelea na bonde la pili.

Kuhusu suti sitajibu. Kuhusu paa, fikiria mwenyewe mtu anaezeka kwa ajili ya nani.

Wapasuaji walipima kwa sababu wazee waliwaita. Nilisimama pale mpaka wakaondoka.

Mumbere


Katwe
12 Aprili 2023

Mumbere,

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Wiki ya Pasaka mama alikwenda Nakawa, kwenye mkesha wa kwaya ya Wakongo, akalala kwa rafiki yake siku kadhaa kwa sababu ya goti. Mimi Jumatatu nilikuwa nimemaliza picha. Rangi ilikuwa mbichi, chumbani hakuna nafasi, nikalitundika gome mlangoni, lote, kutoka juu mpaka chini, nikakaa kizingitini kulitazama. Nilikuwa nimevaa ovyo, nywele hazijasukwa, macho mekundu kwa mafuta ya taa ya kusafishia brashi. Na kwa ajili yako pia, kama unataka kujua.

Kumbe kwa watu wa huku lubugo ni sanda. Humzungushia maiti. Sikujua! Miaka yote hii nimeishi nao sikujua. Kwangu lilikuwa kitambaa chenye rangi ya udongo wa kwetu.

Wa kwanza kuja alikuwa Nnalongo, mwenye nyumba. Aliona lubugo mlangoni, hakumwona mama, akashika kichwa. "Banange! Wewe nakaa na msiba peke yako? Hapa hatufanyi hivyo!" Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshakwenda kuwaita wengine. Wakaja na mikeka, na mkungu wa matoke, na kuni. Ojok akazima mashine yake, vijana wote wa vyuma wakazima. Mumbere, sijawahi kuisikia Katwe imenyamaza. Wakakaa chini. Ojok akavua kofia akasema, "Mama yako alikuwa mtu mzuri. Alinitukana kila siku, lakini alikuwa mzuri."

Na hapo mama akatokea kwenye kona, anachechemea, na mfuko wa mikate.

Nnalongo alipiga kelele mpaka mbwa wakakimbia. Watu wakacheka, wengine wakawa wanamshika mama mikono kuhakikisha. Ojok akauliza, kwa haki kabisa, "Sasa kama yeye iko hai, nani amekufa?"

Mama alisogea mlangoni. Alikuwa ameiona picha. Hakuwa ameitazama ikiwa imekamilika. Alikuwa akikataa, anasema inamtia kizunguzungu. Aliweka mikate chini, akashika mti mmoja kwa kidole, ule wa pembeni wenye tawi lililopinda, akasema, "Mume wangu." Kisha akakaa chini na kuanza kulia kwa sauti, kwa Kinande, kama wanavyolia kwetu. Watu wote wakarudi wakakaa. Hakuna aliyeuliza alikufa lini. Nnalongo akamshika mabega akalia naye kwa Kiganda.

Nami nikalia. Nilimlilia baba Katwe, kwenye mikeka ya watu, karibu na mtaro. Nililia mpaka nikalala palepale.

Asubuhi niliitazama picha nikaona nilichokuwa nikichora tangu Januari. Ilikuwa maiti, Mumbere. Nzuri, imenyooka, imetulia, hakuna kinachotembea ndani yake. Na kijito changu cha buluu kilipita chini yake kama utepe, na hakuna mtoto hata mmoja mwenye ndoo. Niliwaacha nje wote. Nilikuacha nje hata wewe na miguu yako.

Munirah alikuja kuichukua. Nnalongo akamwambia lubugo lililoliliwa haliuzwi wala haliendi kuonyeshwa watu, ni mali ya marehemu. Munirah akainamisha kichwa, akasema pole, akaondoka bila picha. Kwa hiyo kwenye maonyesho simo. Nimeumia, sitakudanganya. Nilitaka sana jina langu lisomwe mahali pasipo bucha.

Gome nalituma na Mama Exaucée, limefungwa kwa kamba za katani. Lizike kwa baba.

Halafu kateni. Yote, hata ule wenye tawi lililopinda. Ng'oeni visiki. Hili ni neno langu, mtoto wa aliyepanda, na mama ametia kidole gumba hapa chini ili wazee waone.

Imebaki sheria ya kupanda. Nimeisoma barua yako ya mwanzo wa Machi mara nyingi, na kila mara nasimama pale pale. Mwenye shamba, au mume wake. Uliandika ukaishia hapo, ukaweka nukta, kama mtu anayeogopa ubao. Ile suti ni ya nani, Mumbere? Safari hii sitaki rangi ninayoikumbuka.

Kavugho


Lubero
3 Mei 2023

Kavugho,

Gome tumelizika Jumamosi. Wazee walikuja, watoto wa shule waliimba. Nililifungua kidogo kabla ya kulifukia, nikaona majani ya buluu ya majivu, nikalifunga haraka.

Miti imekatwa. Ilichukua siku nyingi na watu wengi, na visiki vilitutoa jasho. Kilima kimekuwa uchi, ukikiona utalia. Mimi nililia. Harufu ilibaki kijijini siku zote zile, tukala nayo, tukalala nayo. Sasa imekwisha. Naona tofauti darasani. Nakumbuka ninachotaka kuandika, na sifurahii.

Maji hayajarudi. Wazee wanasema huenda mwaka, huenda zaidi. Huenda yasirudi kabisa. Miche ya mikuyu na mianzi iko nyuma ya nyumba yangu, kwenye kivuli. Mvua imeanza na inanyesha vizuri. Mjumbe wa mwami amekuja kuuliza nani anapanda. Nimemwambia asubiri barua kutoka Kampala.

Suti ni yangu. Niliishonesha kwa ajili ya Pasaka, kwa sababu nilikuomba uje, na nilitaka kwenda nayo kwa mjomba wako, kumaliza yale tuliyoanza na mbuzi. Paa ni kwa sababu yako wewe na mama na goti lake. Sikusema, kwa sababu wewe ulikuwa umeanza kuwa mtu wa Kampala, mwenye maonyesho, na mimi niliona aibu kukuita kwenye kilima kilichokauka. Kisha jambo la shamba likaja, nikaona nikisema sasa utafikiri nataka shamba. Ukafikiri hivyo hivyo.

Nakupenda, Kavugho. Nimekupenda tangu kijitoni. Kila jioni nikimaliza kusahihisha madaftari natazama barabara ya Butembo kama mjinga. Wapo wanaonicheka. Hili ndilo neno ambalo sikuliweka baada ya nukta.

Mumbere


Katwe
11 Mei 2023

Mumbere,

Mama Exaucée ana haraka, basi linaondoka, naandika juu ya robota la nguo hapa Owino.

Mama atafanyiwa upasuaji wa goti mwezi wa sita, siwezi kumwacha. Mvua hii siji. Nimekaa na neno hilo usiku mzima, na linauma vile vile asubuhi. Nataka kukiona kilima kikiwa uchi. Nataka kukuona katika suti hiyo kabla haijakubana. Nataka kulala chini ya paa lisilo na mwenye nyumba mwingine ila wewe. Sina namna nyingine ya kusema.

Mjumbe wa mwami akirudi, muonyeshe barua hii, na umsomee kwa sauti kutoka hapa.

Mimi Kavugho, mwenye shamba, nasema mume wangu ndiye anayepanda.

Panda, Mumbere. Na maji yakichelewa, niandikie kwamba yamechelewa. Yasiporudi kabisa, niandikie hivyo. Nitakuja tukae nayo hivyo hivyo yalivyo.

Mkeo,
Kavugho